Lalamiko Dhidi ya Pedi Mpya ya Mke Wangu

Studio Baridi Kali,
Chanji,
Sumbawanga.

Kwa Baba Msimamizi, Mzee Cleophas,
Chala.

YAH: KUOMBA KIKAO CHA DHARURA KUHUSU PEDI MPYA ILIYOINGIA NYUMBANI KWANGU

Shikamoo Baba. Shikamoo na Mama Monika, ambaye najua ndiye anayekusomea barua hii, kwa kuwa miwani yako bado ni ile ya mguu mmoja. Sisi huku hatujambo wote, isipokuwa mimi.

Naomba radhi kwa kuandika Kiswahili cha ofisini wakati tukikutana tunaongea Kifipa. Si dharau. Nilianza kuandika kwa Kifipa, lakini kila nilipofika kwenye uchungu wenyewe nilijikuta nacheka, na jambo hili si la kucheka. Kiswahili kinanisaidia kukaa wima.

Baba, mnakumbuka siku ya ndoa yetu. Wewe na Mama mlisimama nyuma yetu kanisani kama wasimamizi, na jioni, watu walipokwisha kula, mlituita pembeni mkasema: "Likiwashinda, msilipeleke kwa majirani. Lileteni kwetu." Tangu hapo hatujawaletea kitu. Hata lile suala la mama mkwe na jogoo tulilimaliza wenyewe, jogoo alipokwisha kuliwa. Hili limenishinda.

Kwanza nieleze kitu chenyewe, ili Mama asishtuke kama walivyoshtuka majirani. Pedi ni kisanduku bapa chenye vitufe kumi na sita vya mpira, vimepangwa nne kwa nne kama vitumbua kwenye kikaango chake. Unapiga kitufe kwa kidole, sauti inatoka: hiki ngoma, hiki kayamba, hiki makofi ya akina mama. Hivyo ndivyo midundo ya nyimbo inavyotengenezwa siku hizi. Mtu mmoja kwenye kiti anakuwa kikundi kizima na hakuna wa kugombania naye chakula. Watu wa studio tunakiita pedi. Najua neno hilo lina maana nyingine, Baba. Nimekumbushwa na mji mzima.

Mimi ninayo ya zamani, niliyouziwa na fundi mmoja wa Mbeya nikiwa bado kijana. Haina taa. Haina kioo. Haina maoni. Kitufe chake cha tano kilichomoka nikakiziba kwa kipande cha kandambili, na mpaka leo hakuna kingine kinachotoa ngoma nzito kama hicho. Inatumia waya, tena haikubali kompyuta yoyote isipokuwa ile yangu kubwa, ambayo feni yake inanguruma kama mashine ya kusaga. Katika kila wimbo niliotengeneza, ukitega sikio vizuri, kuna mahindi yanasagwa.

Mwezi wa tano mke wangu Lydia akaleta pedi mpya. Siwezi kusema hakuniuliza. Aliniuliza, nami nikajibu, "Tutaona." Baba, wewe ni mume wa mtu, unajua kwamba "tutaona" maana yake ni hapana. Yeye akaona. Tangu siku hiyo yamenipata yafuatayo, na nayapanga kwa namba ili kikao kisipotee njia.

1. Namna ilivyoingia. Pedi hiyo ilitoka Dar es Salaam kwa basi, na Lydia akiwa kwenye mazoezi ya kwaya akanituma stendi kuichukua. Nikafika dirishani nikamwambia karani wa mizigo, kwa sauti ya chini kama mtu mwenye adabu, kwamba nimefuata pedi. Akageuka akamwita mwenzake aliyekuwa ndani ya stoo: "Hebu angalia, kuna baba hapa amefuata pedi za mke wake kutoka Dar!"

Watu wote kwenye foleni wakageuka. Mama mmoja akapiga makofi. Nikasema, "Siyo hizo mnazofikiria, hii ina taa." Nikaona nimeharibu zaidi.

Kwenye foleni hiyo alikuwemo jirani yetu Justina, anayeuza nyanya mbele ya studio. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshakuwa mfano. Akina mama wa jumuiya walikuja kunipa mkono mmoja baada ya mwingine. Waume zao walinitazama kama mtu aliyepandisha bei ya mbolea. Jumapili, baada ya misa, mwenyekiti wa semina ya wanandoa akanishika bega akasema, "Zenon, tunaomba uwazungumzie wanaume jinsi ya kumjali mwenzi katika mahitaji yake ya kila mwezi." Nikajaribu kumweleza kuhusu vitufe. Akasema unyenyekevu wangu umemgusa.

Nikazungumza, Baba. Sikuwa na njia. Na nilizungumza vizuri. Wanaume wawili walilia, mmoja wao ni yule mchoma nyama ambaye hajawahi kumlilia hata marehemu baba yake. Mpaka leo nikipita Kasense nasalimiwa kama katekista. Lalamiko langu ni kwamba nimepewa heshima isiyo yangu, na sijui pa kuirudisha.

2. Inasahihisha watu wazima. Ukipiga kitufe ukachelewa kidogo tu, pedi mpya inalichukua pigo lako na kulisogeza mbele mpaka liendane na saa yake, bila kukuomba ruhusa. Mimi huwa nachelewa kidogo, Baba. Ndio mkono wangu. Maharusi wa Sumbawanga wote unaowaona wakiingia ukumbini wanaburuta mguu, watu wakadhani ni madaha, yale si madaha. Ni mimi.

Lydia alinikalisha kwenye kiti akaniambia, "Gusa tu, mume wangu, ujaribu." Nikapiga mdundo wangu wa siku zote. Kisha akanisikilizisha uliosahihishwa. Nilijisikia nimevalishwa suruali ya mtu mwingine.

"Unaona?" akasema. "Sasa uko kwenye muda."

"Sijawahi kuwa kwenye muda," nikamwambia, "na umenioa hivyohivyo."

Akasema mwanamke haoi, anaolewa. Nikamwambia siku hizi sina uhakika.

Nikaamua kutafuta shahidi asiye na upande. Nikampata Bundala, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake, ambaye huja kwetu kurekodi nyimbo za kuswagia. Nikamchezea midundo miwili, wangu na ule uliosahihishwa, bila kumwambia upi ni upi. Akasikiliza amefumba macho, fimbo mapajani.

"Huu wa kwanza," akasema, "ng'ombe wanatembea. Huu wa pili ni gwaride."

Baba, nilifurahi mpaka nikamwita Lydia kutoka jikoni aje asikie kwa masikio yake. Bundala akarudia kama alivyosema, neno kwa neno. Kisha akaongeza, "Nipeni huu wa gwaride. Ng'ombe wangu wamekosa nidhamu mno."

3. Afya. Hili ni fupi. Pedi ya zamani ni ngumu, lazima uipige kwa nguvu ya bega. Mwezi wa sita, upepo wa uwanda huu ukiingia mpaka kwenye mifupa, ni studio gani nyingine yenye fundi anayetoka jasho? Pedi mpya unaigusa kama unapapasa shavu la mtoto aliyelala. Matokeo yake Lydia sasa anafanya kazi amejifunika blanketi. Nilipomwonya kuhusu kifua, alicheka mpaka blanketi likaanguka.

4. Usingizi wangu. Mama Monika, hapa naomba usome polepole, na kama kuna wageni hapo, subiri waondoke kwanza.

Pedi mpya ina chaji yake yenyewe na ina kinasa sauti ndani, kwa hiyo haihitaji kompyuta wala meza. Lydia anazunguka nayo nyumba nzima. Alianza na jikoni: akarekodi ungo ukipepeta ulezi, mwiko kwenye sufuria, samaki wa migebuka wakikaangwa. Nilivumilia. Ungo hauna haki zake. Lakini Jumapili moja mchana, nikiwa nimeshiba ugali wa ulezi na nimejinyoosha kwenye kochi, aliiweka pedi hiyo karibu na kichwa changu.

Mimi sikoromi, Baba. Ninapumua kwa kina.

Pumzi hiyo akaikata vipande kumi na sita, akaviweka kimoja kimoja kwenye vitufe, akapiga. Wimbo ukaitwa "Baba Amepumzika." Kabla sijajua lolote, ulikuwa umeshafika kwa vijana wa bodaboda. Mmoja alinibeba kutoka sokoni, ameufungulia kwenye simu mfukoni, akaniambia, "Mzee, huu mdundo ni noma. Sijui wametumia trekta la aina gani." Nikakaa juu ya pikipiki mpaka nyumbani, nikijisikiliza.

Na hapa, Baba, nasema kwa heshima zote: nimeona video ya harusi ya huko kwenu Chala. Nimekuona. Ulikuwa umeinama, mikono kiunoni, kofia imegeukia nyuma, unacheza juu ya usingizi wangu. Mama Monika alikuwa pembeni anakupepea kwa kanga. Sijakasirika. Nataka tu kikao kijue kwamba hakimu ameshawahi kucheza.

5. Kuku. Meza ya studio ni moja, kwa hiyo pedi yangu na kompyuta yake zimehamishiwa stoo, baina ya gunia la mahindi na ungo wa ulezi. Nilikubali kwa amani. Siku moja niliiwasha nianze kazi, nikatoka kidogo kwenda kuongea na mtu wa maji. Nyuma yangu kuku wetu mweupe akaingia. Punje za ulezi zilikuwa zimedondokea baina ya vitufe. Akadonoa. Akadonoa kwa muda mrefu, na kompyuta ilikuwa inarekodi.

Niliporudi nilimkuta Lydia amesimama mlangoni, kichwa kimeinama upande, anasikiliza. Akaniambia, "Zenon, hii ndiyo kazi nzuri kuliko zote zilizotoka kwenye pedi hiyo mwaka huu."

Nikamuuliza kama ameshaisahihisha.

"Kuku hakuhitaji," akasema.

6. Hili la mwisho sikukusudia kuliandika, lakini kalamu imeshafika.

Unamfahamu Scola, kiongozi wa kile kikundi cha akina mama wanaoimba kwenye maharusi. Nyimbo zao zote tangu wanaanza nimezitengeneza mimi. Wiki iliyopita alibisha hodi, nikafungua mwenyewe. Akanisalimia vizuri, akauliza habari za nyumbani, kisha akasema, "Fundi yupo?"

Nikasema, "Nipo."

Akacheka kidogo kwa adabu, kama mtu aliyetaniwa na mkwe, akatazama nyuma ya bega langu. Lydia akatokea. Wakaingia, wakakaa, wakafunga mlango ili kelele za nje zisiingie kwenye kinasa. Mimi nilikuwa nje, kwa hiyo nami nikawa miongoni mwa kelele za nje. Nikawachemshia chai. Walisema chai ni nzuri.

Baba, kazi hii Lydia nilimfundisha mimi. Tulipoanza, yeye alikuwa anashikilia waya tu usichomoke, na alikuwa anaweza kuushikilia mchana kutwa bila kulalamika, huku akiniambia, "Rudia hapo, hapo palikuwa pazuri." Sijasikia "rudia hapo" tangu mwezi wa tano. Sijui kama hali hii inaitwa wivu. Kama ndiyo inavyoitwa, naomba kikao kiitafutie jina jingine.

Sasa tuangalie mambo haya yanakoelekea, maana sijaandika kwa ajili yangu peke yangu. Leo kitu kinapelekwa stoo kwa sababu ni cha zamani, kinachelewa, kinanguruma, na hakifanyi kazi mpaka kipigiwe kelele. Mama Monika, hebu rudia kuisoma sentensi hiyo. Hiyo ni pedi, au ni mimi? Nikishapelekwa stoo mimi, ataletwa nani mezani? Ataletwa Zenon mpya, mwenye taa, anayekaa na chaji siku nzima, asiyechelewa misa. Na baada yangu, Baba, zamu ya nani? Mtazame Mama Monika hapo ulipo. Ameacha kusoma, anakuangalia.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, naomba yafuatayo.

Kwanza, mje Sumbawanga ninyi wawili, tukae kikao, na Lydia aelezwe.

Pili, pedi mpya ichukuliwe, ikakae Chala chini ya kitanda chenu mpaka itakapozeeka. Ikishapauka, taa zikafa na kitufe kimoja kikachomoka, irudishwe, nami nitaipokea kwa mikono miwili. Sina ugomvi na kitu chochote cha zamani.

Tatu, mwenyekiti wa semina aambiwe ukweli kuhusu ule mzigo wa stendi, lakini taratibu, na si kabla ya semina ijayo, kwa sababu mada yangu ya pili nimeshaiandaa na ina mifano mizuri.

Nne, wewe Baba usicheze tena wimbo ule mpaka hukumu itoke. Mbele ya watu, angalau.

Kuhusu kuku sina ombi. Yeye alikuwa anakula tu.

Naomba mnisalimie wote wa hapo. Msalimieni mama mzaa Mama, mwambieni dawa yake ya miguu nimeipata na itakuja na basi hili hili linaloleta barua. Wasalimieni vijana wa mashine ya kusaga, na yule jirani yenu mwenye mbwa, na mbwa mwenyewe kama amepona. Wasalimieni waimbaji wa kigango, hasa wa sauti ya nne, waambieni wasikate tamaa. Justina anawasalimu. Bundala anawasalimu na kusema ng'ombe wake sasa wanageuka kulia kwa pamoja. Lydia naye anawasalimu sana, ingawa hajui kwamba naandika.

Mimi mtoto wenu wa ndoa, ninayewatii, ingawa kwa kuchelewa kidogo,

Zenon
(Fundi, bado)

N.B. Baba, nimeifungua tena bahasha.

Nilikuwa nimeshaifunga na nimeshavaa koti niipeleke stendi, umeme ukakatika Chanji nzima. Feni ya kompyuta ikazima, nyumba ikawa kimya. Nikiwa hapo mlangoni nikamwona Scola anakuja na kikundi chake chote, wamevaa sare, wanakaribia kukimbia. Wanamwoza binti wa mwenzao leo hii hii alasiri, na bwana harusi amebadilisha wimbo wa kuingilia asubuhi. Wanataka mdundo mpya kabla ya saa nane. Lydia alikuwa ameenda Kasense kwa dada yake na simu yake haipatikani.

Scola akaangalia meza, akaiona pedi mpya, akaniangalia mimi. "Wewe hii huijui, eti?" akaniuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa anahesabu muda.

Nikasema naijua. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Koti sikuvua.

Nikaiwasha. Kikawaka kioo, kwenye kioo kukawa na orodha ya makundi ya sauti ambayo Lydia ameyapanga, kila kundi na jina lake. Nikaona Jikoni. Nikaona Mvua ya Bati. Nikaona Akina Mama wa Scola. Chini kabisa nikaona limeandikwa: ZENON, ASISAHIHISHWE.

Nikalifungua. Baba, zilikuwa ngoma zangu. Zote, moja moja, kila moja kwenye kitufe chake, kwa mpangilio wangu ambao mtu mwingine yeyote huuona umevurugika. Nilipiga pigo la kwanza nikachelewa kama kawaida yangu, na pedi ile yenye taa zake zote ikaniacha nichelewe. Nikapiga tena. Akina mama walikuwa bado wamesimama na mikoba yao begani, wala hawajajua kama tumeanza, lakini miguu yao ilikuwa imeshaanza kuburuta.

Tulirekodi. Scola alipiga vigelegele mahali pasipotakiwa, nikaviacha.

Niliponyanyua kichwa Lydia alikuwa amesimama mlangoni, kikapu mkononi. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Nikamwambia, "Umeme ulikatika." Akasema, "Nimeona." Akina mama walipokwenda zao nikamuuliza zile sauti aliziingiza lini.

"Siku ile ile ilipofika," akasema. "Kabla ya ungo. Kompyuta ile ni mgonjwa, Zenon, siku moja haitaamka. Nisingekubali iondoke nazo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nimekuambia gusa," akasema. "Kila siku nakuambia gusa."

Ni kweli, Baba. Nimejaribu kukumbuka siku ambayo hakuniambia, nimeikosa.

Kisha akaweka kikapu chini, akavuta kigoda akakaa pembeni yangu. Akanisikilizisha tena ule wimbo wa Scola kutoka mwanzo, na katikati akauzima kwa kidole. "Rudia hapa," akasema. "Hapa pamekuwa pazuri." Nimerudia mpaka vidole vikapata joto.

Barua hii ilikuwa ni ya kuchanwa. Lakini ndani yake kuna salamu za watu wengi, na wengine nimeshawaambia kwamba zimekwenda. Si haki zipotee kwa sababu yangu. Na Lydia, nilipomwambia nawaandikia, hakuuliza ninaandika nini. Amesema niwaambie mpunga tuliowaahidi ameshaupepeta, utakuja na gari la Ijumaa.

Kwa hiyo kikao msiitishe. Mama Monika, najua umeshaisoma yote kwa sauti na siwezi kukuzuia tena, lakini tafadhali ichukulieni kama haikusomwa. Ninyi pokeeni salamu tu.

Z.